Aketoun, Jak na Pisane: Mavazi ya Vita ya Waskoti wa Kale na Majina Yake

Mwezi wa Desemba mwaka 1318, miaka minne na nusu baada ya kuyashinda majeshi ya Uingereza huko Bannockburn, Mfalme Robert Bruce aliwakusanya wakuu wa nchi ya Uskoti katika mji wa Scone, na miongoni mwa sheria walizozipitisha mahali hapo ilikuwamo moja iliyomhusu kila mwanamume asiyekuwa wa kanisani, tajiri na maskini, ikimwamrisha awe na silaha na mavazi ya vita kwa kadiri ya mali aliyojaliwa. Mwenye mali ya thamani ya pauni 10 ilimpasa awe na koti nene lililojazwa liitwalo aketoni, chapeo ya chuma, glavu za mabamba, mkuki na upanga. Na asiyekuwa na koti hilo na chapeo hiyo avae deraya fupi ya pete za chuma, au kizibao cha chuma cha kuukinga mwili, pamoja na kofia ya chuma yenye ukingo mpana. Aliyekutwa hana vitu hivyo alinyang'anywa mali yake yote, nusu ikaenda kwa mfalme na nusu kwa bwana wa ardhi aliyoilima. Mwenye mali isiyozidi thamani ya ng'ombe mmoja hakusamehewa: naye awe na mkuki mzuri, au upinde mzuri na podo la mishale 24.

Msomaji aliyezizoea picha za mashujaa wa Ulaya waliofunikwa chuma tangu utosini hata nyayoni huenda akastaajabu kuona kwamba vazi la kwanza kutajwa katika sheria ile, na tena kwa watu wenye uwezo, lilikuwa vazi la kitambaa. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mtu atakaye kuzifahamu deraya za Waskoti wa zama za kati sharti aanze na kitambaa kabla hajafika kwenye chuma. Aketoni, ambayo kwa Kiskoti huandikwa "aketoun" au "actoun", ilishonwa kwa tabaka za kitani, katikati pakashindiliwa pamba au matambara, kisha fundi akapitisha mishono ya kushuka, sambamba, toka mabegani mpaka karibu na magoti, hata vazi zima likawa na matuta marefu kama ya mfarishi ulioshonwa na mkono wa bingwa. Upanga ukiliangukia vazi la namna hiyo hukata tabaka mbili tatu, ukapungukiwa na nguvu. Rungu likishuka, pigo hutawanyika kabla ya kuufikia mfupa. Na mshale uliotoka mbali, ambao kasi yake imekwisha kulegea, hunaswa katika pamba. Walioweza kununua deraya ya pete za chuma waliivaa juu ya aketoni wala hawakuiacha aketoni yenyewe, kwa sababu pete huzuia makali na hazizuii kishindo, na mbavu za mtu huweza kuvunjika chini ya deraya isiyokatika hata pete moja.

Jina la vazi hili lilisafiri safari ndefu kabla ya kufika kaskazini. Asili yake ni neno la Kiarabu al-qutn, yaani pamba, ambalo Wafaransa walilipata katika maingiliano yao na Waarabu wa nchi za Bahari ya Kati, wakalitamka auqueton, na kwao ndiko lilikotoka kwenda Uskoti, nchi ya mvua na baridi ambayo mpamba haujapata kumea katika udongo wake. Wala halikusafiri peke yake. Namna moja ya deraya iliitwa "jesserant", na wataalamu wa asili za maneno huihusisha na al-Jazair, nchi ya Kiarabu iliyo pwani ya kaskazini ya Afrika. Kola ya pete za chuma iliyofunika koo na mabega iliitwa "pisane", jina linalodhaniwa kutokana na Pisa, bandari mashuhuri ya Italia. Na "habirgeoun", deraya fupi ya pete iliyotajwa na sheria ya Scone, ilitoka kwa Wafaransa, nao walikuwa wamelirithi jina hilo kwa makabila ya Kijerumani, ambayo kwao maana yake ya kwanza ilikuwa kinga ya shingo. Nasi watu wa pwani tunao udugu kidogo na ukoo huu wa maneno, maana chapeo, tuisomayo katika Biblia ya Kiswahili na tuliyoipata kwa Wareno, ni ya shina moja la Kilatini na ile kofia ya chuma yenye ukingo ambayo sheria ya Bruce iliwaagiza watu wa hali ya chini waivae.

Yafaa hapa kueleza Kiskoti ni lugha gani, kwa kuwa wengi hukichanganya ama na Kiingereza ama na Kigaeli. Kigaeli ni lugha ya Waselti wa milimani na visiwani, nayo ni jamaa ya Kiairishi. Kiskoti ni lugha nyingine kabisa, iliyokua katika nchi tambarare za kusini na mashariki kutokana na usemi wa Waanglia wa Northumbria, na hivyo ni ndugu wa Kiingereza aliyelelewa nyumba nyingine, akaingiwa na maneno mengi ya Kinorsi, ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Tangu mwaka 1424, alipopewa uhuru Mfalme James wa Kwanza aliyekuwa kifungoni Uingereza kwa miaka 18, sheria za bunge la Uskoti ziliandikwa kwa lugha hiyo badala ya Kilatini, na ndiyo sababu tunayajua majina ya deraya kwa matamshi ya wale waliozivaa. Haijafa hata leo; katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 zaidi ya watu milioni moja na nusu walisema kwamba wanaizungumza.

Kazi kubwa ya kwanza ya fasihi iliyoandikwa kwa Kiskoti nayo imejaa deraya. Ni utenzi wa The Brus, uliotungwa yapata mwaka 1375 na John Barbour, shemasi mkuu wa Aberdeen, wenye mishororo zaidi ya 13,000, na kila mshororo aghalabu una silabi nane, ambayo ndiyo mizani ya tenzi zetu wenyewe. Barbour hakuwa askari, lakini alijua kwa jina kila kipande kilichofungwa juu ya mwili wa askari, na alielewa kwamba katika vita uhai wa mtu huning'inia juu ya vipande hivyo. Asimulia jinsi Bruce alivyokuwa akipanga safu zake jioni ya tarehe 23 Juni mwaka 1314, amepanda farasi mdogo, shoka mkononi, na juu ya chapeo yake, "basnet" kwa Kiskoti, amevaa kofia ya ngozi iliyochemshwa ikawa ngumu, na juu ya kofia ile taji, ili kila amwonaye ajue kwamba huyu ndiye mfalme. Taji lile nusura limgharimu roho, kwa sababu shujaa mmoja wa Kiingereza, Henry de Bohun, aliliona, akamtambua, akamkimbilia peke yake kwa farasi mkubwa na mkuki mrefu, mwenyewe amejifunika deraya kamili. Bruce alimpisha mkuki ukapita, akasimama juu ya vikuku vya tandiko, akampiga kwa shoka pigo moja lililopasua chapeo na fuvu pamoja, na mpini wa shoka ukavunjika mikononi mwake. Wakuu wake walipomlaumu kwa kuhatarisha nafsi yake na nchi nzima, hakuwajibu neno ila kusikitikia shoka lake zuri lililovunjika.

Katika utenzi huohuo kuna habari nyingine niipendayo zaidi kuliko ile ya shoka, kwa sababu inaonyesha tabia ya chuma ambayo wachoraji wa picha husahau, nayo ni kwamba chuma hung'aa. Mwezi wa Februari mwaka huo wa 1314, James Douglas, aliyekuwa mkono wa kuume wa Bruce, alitaka kuiteka ngome ya Roxburgh iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, naye hakuwa na mitambo ya kubomolea kuta. Aliwaamrisha watu wake kama 60 wavae majoho meusi, "froggis" kwa Kiskoti, juu ya deraya zao, wakatambaa kwa mikono na magoti gizani, mmoja mmoja, kuelekea ukutani. Walinzi waliokuwa juu waliwaona, wakasema wao kwa wao kwamba mkulima wa jirani yuko karamuni usiku wa leo, maana ilikuwa sikukuu ya kuamkia mfungo wa Kwaresima, na ng'ombe zake amewasahau nje. Ng'ombe wale walipanda ukuta kwa ngazi za kamba, na ngome ikatekwa usiku uleule.

Tukiyaacha maandishi tukaenda magharibi, katika pwani na visiwa vilivyokuwa chini ya mabwana wa ukoo wa MacDonald, twakutana na ushahidi wa namna nyingine, nao ni wa mawe. Katika kisiwa cha Iona, na huko Kilmory, Kilmartin na Saddell, kumebaki mawe ya makaburi yaliyochongwa toka karne ya 14 mpaka ya 16, na juu yake wamelala watu wa vita, mmoja baada ya mmoja, mkono juu ya upanga. Mtu akikaribia na kuinama aweza kuihesabu kwa kidole mistari ya mishono juu ya aketoni zao, inayoshuka toka kifuani mpaka gotini na kupita mikononi. Juu ya mabega imetandazwa kola ya pete, na kichwani chapeo yenye ncha. Katika Uingereza ya wakati huo watu wa daraja lao walikuwa wamekwisha kuingia katika mabamba ya chuma, na wapo waandishi waliowahesabu mabwana hawa wa visiwani kuwa watu walioachwa nyuma na wakati. Sikubaliani nao. Mtu aliyeishi kwa mashua za makasia, akishuka majini na kupanda miamba yenye utelezi, alikuwa na kila sababu ya kuchagua vazi ambalo aweza kulivaa mwenyewe bila mtumishi, kukimbia nalo na kulishona upya likiraruka. Kwa Kigaeli vazi hilo liliitwa cotún, na asiyejua kwamba lilipita Ufaransa hawezi kuamini kwamba ni ile ile pamba ya Waarabu.

John Mair, mwanachuoni wa Uskoti aliyefundisha Paris kabla ya kurudi kwao, aliandika katika tarehe yake ya mwaka 1521 kwamba watu wa milimani wa daraja la chini walikwenda vitani wamevaa kitani kilichoshonwa tabaka nyingi, kikapakwa nta au lami, na juu yake kikafunikwa ngozi ya paa. Lami na nta zilikizuia kitambaa kisinywe maji ya mvua, kwa kuwa koti la namna hiyo likilowa huwa zito mno.

Huku katika nchi tambarare bunge lilikuwa limeshika jambo hili kwa mikono miwili. Sheria ya mwaka 1430 iliwapanga watu kwa mapato yao: mwenye mapato ya pauni 20 kwa mwaka, au mali ya pauni 100, awe na farasi mzuri na deraya kamili kama impasavyo muungwana, na mwenye nusu ya hayo awe angalau na kofia ya chuma, kinga ya koo au pisane, "rerebras" ya kufunika mkono juu ya kiwiko, "vambras" ya kufunika mkono chini ya kiwiko, bamba la kifua, "panse" ya tumbo, na "splentis", yaani vipande virefu vyembamba vya chuma vilivyofungwa miguuni kwa mikanda. Na ili sheria isibaki karatasini, watu waliitwa waje uwanjani na vitu vyao vikaguliwe mbele ya mkuu wa wilaya, na mkutano huo ukaitwa "wapinschaw", maonyesho ya silaha. Sheria iliyopitishwa mwaka 1457, kwa hesabu ya miaka ya wakati ule, iliagiza maonyesho hayo yafanyike mara nne kwa mwaka, na katika kifungu kilekile ikapiga marufuku mpira wa miguu na gofu, kwa kuwa vijana walikuwa wakitumia siku za mapumziko kuchezea mipira badala ya kujizoeza upinde. Hiyo ndiyo mara ya kwanza gofu kutajwa katika maandishi ya Uskoti.

Waliotunga sheria hizi walizijua hali za watu wao. Mwaka 1471 waliamrisha kwamba mkulima asiyeweza kutumia upinde awe na shoka zuri na ngao ya ngozi, "targe", ya kumkinga na mishale ya Waingereza, kisha wakaongeza, kama watu wanaojibu malalamiko kabla hayajatolewa, kwamba ngao hiyo haina gharama ila thamani ya ngozi moja ya mnyama. Sheria chache za wafalme wa Ulaya wa zama hizo zinamtazama mtu maskini kwa karibu kiasi hicho, hata kumhesabia mfukoni mwake.

Palikuwa na wengine walioitazama deraya kwa jicho la roho. Katika mwaka 1456, ndani ya ngome ya Roslin karibu na Edinburgh, Sir Gilbert Haye, aliyekuwa amemtumikia mfalme wa Ufaransa kwa miaka mingi, alikitafsiri kwa Kiskoti kitabu cha adabu za ushujaa kwa ajili ya William Sinclair, mtawala wa Orkney. Mtungaji wa asili alikuwa Ramon Llull wa kisiwa cha Majorca, mwanachuoni aliyejifunza Kiarabu na kuandika vitabu kwa lugha hiyo, na fundisho lake ni kwamba kila kipande cha deraya kina maana yake katika dhamiri ya mwenye kukivaa. Chapeo ni haya, kwa kuwa mtu asiye na haya hana utii kwa lolote. Deraya ya pete ni ngome iliyofungwa pande zote dhidi ya maovu. Chuma cha miguuni humkumbusha shujaa wajibu wake wa kuzilinda njia ili wasafiri wapite salama. Kinga ya koo ni utii. Na ngao ni cheo chenyewe cha ushujaa, kwa maana shujaa husimama kati ya mfalme na raia kama ngao isimamavyo kati ya mtu na adui yake, na pigo lililokusudiwa mwingine humwangukia yeye. Wako waliokisoma kitabu hiki wakaenda kuwapora wakulima, hilo halina shaka. Lakini hata mporaji alikuwa ameambiwa, kwa lugha yake mwenyewe, chuma alichokivaa kilimdai nini.

Kazi yenyewe ya kufua chuma ilikuwa ya mafundi wa mijini. Wale wa Edinburgh waliungana katika chama cha Hammermen, watu wa nyundo, kilichopewa hati yake mwaka 1483, kikiwakusanya wahunzi, watengeneza matandiko, mafundi wa visu, wa hatamu na wa deraya chini ya ulinzi wa Mtakatifu Eloi, na mahali pao pa ibada baadaye palikuwa kanisa dogo la Magdalen katika mtaa wa Cowgate, ambalo bado limesimama. Deraya bora kabisa ziliendelea kununuliwa ng'ambo, katika miji ya Flanders na kwingineko.

Katika karne ya 15 na ya 16 vazi moja lilitamalaki juu ya mengine yote, nalo ni "jak". Kwa nje lilionekana kama kizibao cha kawaida kisicho na mikono au chenye mikono mifupi, na siri yake ilikuwa katikati, kwa maana kati ya tabaka mbili za turubai palipangwa vibamba vidogo vya chuma vya mraba, upana wa vidole viwili hivi, pembe zake zimekatwa na tundu moja limetobolewa katikati, kila kibamba kimelalia ukingo wa mwenzake, na vyote vikafungwa kwa uzi mnene uliopita matunduni ukichora pembetatu juu ya kitambaa. Jak moja nzima ilihitaji vibamba zaidi ya 1,000, na uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 8. Aghalabu vibamba vyenyewe vilikatwa katika deraya kuukuu, hivi kwamba bamba la kifua lililong'aa juu ya bwana mkubwa katika kizazi kimoja lilikatwakatwa likavaliwa na mchunga kondoo katika kizazi kilichofuata. Ndilo vazi lililovaliwa na wale wanyang'anyi wapanda farasi wa mpakani, pamoja na kofia yao maarufu, "steill bonnet". Na watumishi na watu wa chini walivaa kichwani "knapscall", kofia ya chuma isiyo na pambo lolote.

Kinga hizi zilifaa kwa kiasi gani, vita viwili vyatueleza. Huko Flodden, tarehe 9 Septemba mwaka 1513, safu za mbele za Waskoti zilikuwa za wakuu waliovaa deraya nzuri mno, na askofu wa Durham, aliyekuwa upande wa Waingereza, aliandika siku chache baadaye kwamba mishale haikuwadhuru, na kwamba walikuwa watu wakubwa wenye nguvu ambao hawakuanguka hata walipopigwa na wanne au watano kwa pamoja. Hata hivyo waliangamia, maana walivua viatu ili wasiteleze katika tope la mteremko, safu zao zikavunjika, mikuki yao mirefu ikawa haina kazi mbele ya mashoka ya mpini ya Waingereza, na Mfalme James wa Nne akauawa pamoja na maelfu ya watu wake.

Miaka 34 baadaye, huko Pinkie, tarehe 10 Septemba mwaka 1547, Mwingereza William Patten, aliyefuatana na jeshi la nchi yake, alitembea uwanjani baada ya ushindi, akaandika alichokiona. Waskoti wote, asema, walivaa sare moja: jak iliyofunikwa ngozi nyeupe, chapeo kichwani, na kitambaa kikubwa kilichozungushwa shingoni mara mbili au tatu, ambacho hakikuwa cha baridi bali cha kuzuia makali ya upanga. Hakuona mkufu wa dhahabu, wala pete, wala vazi la hariri la kumtenga bwana na mkulima wake, na kwa Patten huo ulikuwa unyonge wa mavazi uliowaponza, kwa kuwa Waingereza hawakuweza kujua nani atalipiwa fidia na nani hana thamani, wakawaua wakuu kwa wingi pamoja na watu wa kawaida. Mimi nayasoma maneno yake nikiona ndani yake sifa ambayo mwandishi hakukusudia kuitoa. Taji lile lililomtambulisha Bruce kwa adui huko Bannockburn halikuonekana tena kichwani mwa yeyote. Bwana wa ardhi na mpangaji wake walikufa wamevaa ngozi nyeupe ileile, na hakuna aliyeweza kununua maisha yake kwa mapambo.

Vitu vyenyewe vimetoweka takriban vyote. Kitani huoza, ngozi huliwa na panya, chuma hurudi mhunzini. Ni katika wosia za watu, hesabu za hazina ya mfalme, vitabu vya mabaraza ya miji na kesi za wizi ndimo jak na splentis zilimobaki, tena zimetajwa pamoja na bei zake na majina ya waliozirithi. John Jamieson alianza kuyakusanya maneno hayo katika kamusi yake ya mwaka 1808, na baada yake William Craigie, mzaliwa wa Dundee, aliasisi kamusi kuu ya Kiskoti cha kale, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1931, na juzuu ya mwisho, ya 12, ikakamilika mwaka 2002, miaka 45 baada ya kufa kwake. Siijui hazina nyingine ya deraya za watu wa kawaida iliyo kamili kuliko hiyo.

Zama za kati zilipokwisha na bunduki zikaanza kulidharau bamba la kifua, deraya ya Uskoti iliingia chini ya nguo. Vazi la pete au vibamba lililofichwa ndani ya mavazi ya kila siku liliitwa "secret", yaani siri, na katika nchi ambayo visasi vya koo vilipita toka baba hata mwana, waliolihitaji hawakuwa haba. Tarehe 9 Machi mwaka 1566, usiku, Patrick, bwana wa Ruthven, aliyekuwa mgonjwa kitandani, aliingia ghafla katika chumba alimokuwa Malkia Mary akila chakula katika jumba la Holyrood. Chapeo ilikuwa kichwani mwake, na chini ya joho lake la chumbani deraya ilionekana. Wenzake wakaingia nyuma yake, wakamkokota David Rizzio, katibu wa malkia, wakamchoma visu. Malkia alikuwa na mimba ya miezi sita, na mtoto aliyezaliwa mwezi wa Juni ndiye aliyekuwa Mfalme James wa Sita, ambaye mwandishi mmoja wa enzi yake alisimulia kwamba maisha yake yote alivaa vizibao vilivyojazwa na kushonwa kwa unene ili kisu kisipenye.

Mfalme huyo, tarehe 5 Agosti mwaka 1600, alijikuta katika chumba cha juu cha nyumba ya mtawala wa Gowrie mjini Perth, akishikana mieleka na Alexander Ruthven, mjukuu wa yule Patrick. Alipiga kelele dirishani, na kijana wake John Ramsay akapanda mbio ngazi ya mzunguko na jambia mkononi. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa baadaye, mfalme alimpigia ukelele Ramsay kwa Kiskoti ampige Ruthven chini, maana amevaa "pyne doublet", kizibao chenye deraya ya siri ndani yake. Alexander alijeruhiwa, akasukumwa ngazini, na waliokuwa wakipanda wakammalizia hapo. Nduguye, bwana wa nyumba, aliuawa saa hiyohiyo.